Toronto: Si Kila Tumbo la Mtoto ni Minyoo

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunaikumbuka vyema siku ya dawa ya minyoo. Shule zikifungwa, mtoto huamshwa mapema, akapewa kidonge au kijiko cha dawa chungu, na tumbo likimuuma tena baada ya wiki mbili jawabu huwa ni lile lile. Ikiwa si minyoo basi ni amiba, ikiwa si amiba ni homa ya matumbo, na mambo yakishindikana kabisa husemwa kwamba mtoto amepatwa na jicho la hasidi. Desturi hiyo tumesafiri nayo. Wapo wazazi mjini Toronto ambao hadi leo kila ndugu anayerudi kutoka nyumbani huagizwa dawa ya minyoo pamoja na majani ya chai na bizari.

Hatusemi kwamba minyoo si kitu. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa Toronto, au aliyefika huko angali mdogo, anakabiliwa na maradhi mengine ya tumbo ambayo bibi zetu hawakuwa na haja ya kuyajua. Ni maradhi ya uvimbe sugu wa utumbo. Tufafanue mapema kuwa neno uvimbe hapa halimaanishi saratani wala donge lililoota tumboni. Ni hali ya ukuta wa utumbo kuwa mwekundu, kuvimba na kuchubuka kwa sababu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaushambulia utumbo wenyewe.

Maradhi haya ni ya aina kuu mbili. La kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza mwaka 1932 akiwa na wenzake wawili. Ugonjwa huu unaweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, nao huchimba ndani ya ukuta wa utumbo hadi wakati mwingine ukaacha jipu au fistula. La pili ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hubaki katika utumbo mpana na hushika ngozi ya ndani tu, na dalili yake kubwa ni kuhara damu. Yote mawili hayaambukizi. Mtoto mwenye ugonjwa huu hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kula naye sahani moja, na tunalisema hili kwa sababu tunajua minong'ono inavyoanza.

Kanada ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi wa maradhi haya duniani. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2023 ya shirika la Crohn's and Colitis Canada, zaidi ya watu laki 3 na elfu 20 walikuwa wakiishi nayo nchini humo. Katika jimbo la Ontario, ambalo Toronto ndio mji wake mkuu, watafiti walikuta kwamba watoto wanaogunduliwa kila mwaka waliongezeka kutoka 9.4 kwa kila watoto laki moja mwaka 1994 hadi 13.2 mwaka 2009.

Jambo linalotugusa zaidi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambao uliwafuatilia wahamiaji wa Ontario na watoto wao. Watu wazima waliohamia Kanada waliugua kwa uchache kuliko wenyeji. Lakini kadiri mtu alivyofika akiwa mdogo ndivyo hatari ilivyopanda. Na watoto wa wahamiaji kutoka Afrika kusini mwa Sahara, Asia Kusini na Mashariki ya Kati walikuwa na hatari inayolingana na ile ya watoto wa wenyeji. Kwa maneno mengine, baba aliyekulia Kisumu au Zanzibar alikuja na kinga yake, lakini hakuweza kumrithisha mwanawe. Wasomaji wetu wenye asili ya Kihindi, wakiwemo wale ambao familia zao zilifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 na kupokelewa Kanada, nao wamo katika hesabu hiyo.

Ni kitu gani hasa hubadilika ndani ya kizazi kimoja? Wataalamu wanataja chakula cha viwandani, dawa za antibiotiki katika umri mdogo, na bakteria wa tumboni ambao hubadilika mtu anapobadilisha mazingira. Utafiti mwingine wa Kanada, wa mwaka 2017, ulionyesha kwamba watoto waliokaa vijijini katika miaka 5 ya mwanzo ya maisha yao walikuwa na hatari ndogo zaidi. Mjini Toronto kwenyewe kuna mradi mkubwa, unaoitwa GEM na ulioanza mwaka 2008, ambao umeandikisha zaidi ya watu 5,000 wenye afya nzuri, ambao ni ndugu au watoto wa wagonjwa, ili kuona ni nani atakayeugua na mwili wake ulikuwa na nini kabla. Jawabu kamili halijapatikana. Lakini mzazi asijilaumu. Hakuna chakula kimoja alichompa mtoto kilichomletea ugonjwa huu.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 12. Anaumwa na tumbo mara kwa mara, upande wa kulia chini. Hali vizuri, na mama anadhani ameanza kuiga wenzake wa shule wanaoogopa kunenepa. Viatu vya mwaka jana bado vinamtosha. Mdogo wake wa miaka 10 amemfikia kimo. Anaamka usiku kwenda chooni, lakini hasemi, kwa sababu nani atakayemwambia mama kwamba ameona damu? Hakuna hata dalili moja hapo inayotisha ikiwa peke yake. Ugonjwa wa Crohn kwa watoto mara nyingi huingia hivyo hivyo, kimya kimya, na pengine mtoto kusimama kukua ndiyo dalili ya kwanza kabla hata ya kuhara. Nyingine ni upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, homa zinazokuja na kuondoka, vidonda vya mdomoni, viungo kuuma, macho kuwa mekundu, na uvimbe au kidonda karibu na njia ya haja kubwa. Kuchelewa kubalehe pia ni dalili, na hiyo katika nyumba zetu ndiyo isiyozungumzwa kabisa.

Hapa kadi ya kliniki ina thamani kubwa. Yule muuguzi wa nyumbani aliyekuwa akichora nukta za uzito wa mtoto kila mwezi alikuwa akifanya kazi ile ile anayoifanya daktari wa Toronto kwa kompyuta. Mstari ukilala, kuna jambo.

Uchunguzi huanzia kwa daktari wa familia, kwa kupima damu na choo. Choo hupimwa kwanza kutafuta vijidudu, kisha hupimwa protini iitwayo kalprotektini, ambayo hutoka katika chembe nyeupe za damu zinapokusanyika utumboni. Ikiwa juu, inaonyesha kwamba utumbo umevimba, ingawa haisemi kwa sababu gani. Baadaye mtoto hupelekwa kwa daktari bingwa. Hospitali kubwa ya watoto mjini humo ni SickKids, iliyoanzishwa mwaka 1875 na kundi la wanawake wakiongozwa na Elizabeth McMaster katika nyumba ya kupanga yenye vitanda 6, na ambayo leo iko katika barabara ya University Avenue. Huko mtoto hulazwa usingizi, na kamera nyembamba hupitishwa mdomoni na nyingine kwa njia ya haja kubwa. Vipande vidogo vya nyama ya utumbo huchukuliwa ili vitazamwe kwa hadubini, na utumbo mwembamba ambao kamera haiufikii hupigwa picha kwa mashine ya MRI. Wazazi wengi huogopa kamera, lakini wakimuuliza mtoto mwenyewe watasikia kwamba kibaya zaidi kilikuwa ni dawa ya kusafisha tumbo ya siku moja kabla.

Kuna jambo moja ambalo mzazi kutoka kwetu inambidi alitaje hata asipoulizwa. Kifua kikuu kinaweza kushika utumbo, tena pale pale ambapo ugonjwa wa Crohn hupenda kukaa, mwishoni mwa utumbo mwembamba, na kwa kamera vidonda vyake vinaweza kufanana sana. Tiba zake zinapingana. Dawa za kutuliza kinga zinazomsaidia mgonjwa wa Crohn zinaweza kumwangamiza mwenye kifua kikuu. Hivyo ikiwa babu aliyekuja kutembea alikuwa akikohoa, au mtoto alikaa nyumbani miezi mitatu katika likizo, daktari aambiwe. Na mtoto asifanywe mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe. Hospitali ina wakalimani, waulizieni.

Tukija kwenye tiba, ya kwanza kwa watoto wengi wenye Crohn huwashangaza watu, kwa sababu si dawa. Mtoto huacha kula kabisa na kwa muda wa wiki 6 hadi 8 hunywa maziwa maalumu ya viwandani yenye virutubisho vyote, na asipoweza kuyanywa hupitishiwa kwa mrija mwembamba wa puani usiku akiwa amelala. Watoto wengi hupata nafuu, utumbo huanza kupona na uzito hurudi. SickKids wana historia na chakula cha tiba, kwani madaktari wake ndio waliobuni mapema katika miaka ya 1930 uji wa watoto ulioitwa Pablum. Lakini wiki 8 bila pilau si mchezo. Ikiwa Idi au Krismasi itaangukia humo, nyumba nzima itaonja uchungu, na tunajua bibi atakayemwonea huruma mjukuu na kumpenyezea sambusa. Bibi aelezwe mapema.

Kwa kolaitisi, njia hiyo ya maziwa haisaidii. Huko hutumika mesalamini, na ugonjwa ukiwa mkali hutumika steroidi, ambazo hutuliza upesi lakini hujaza uso na kuzuia mtoto kurefuka, ndiyo maana madaktari hawataki zikae muda mrefu. Wengine hupewa azathioprini au metotreksati. Mageuzi makubwa yaliletwa na infliksimabu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima wenye Crohn na mwaka 2006 kwa watoto. Huingizwa kwa dripu, mara tatu katika wiki 6 za kwanza, kisha kila wiki 8. Kabla ya kuianza ni lazima kupima kifua kikuu. Dawa hii ni ghali mno. Bima ya jimbo hulipia daktari na hospitali, na tangu mwaka 2018 Ontario ina mpango wa dawa kwa walio chini ya miaka 25, ambao tangu 2019 ni kwa wale wasio na bima binafsi. Upasuaji nao upo. Kuondoa utumbo mpana humaliza kuhara damu kwa mwenye kolaitisi, lakini Crohn hurudi hata baada ya kukatwa.

Tungependa wasomaji wetu wa nyumbani wajue pia kitu kingine kilichotoka Toronto. Mwaka 2007 madaktari wa SickKids na wenzao walichapisha kipimo kiitwacho PUCAI cha kujua ukali wa kolaitisi kwa mtoto aliyekwisha gunduliwa. Ni maswali 6 tu: maumivu, damu, ulaini wa choo, idadi ya safari za chooni, kuamka usiku, na kama mtoto anaweza kucheza. Alama zikiwa chini ya 10 ugonjwa umetulia. Zikifika 65 ni hatari. Hakihitaji mashine wala damu. Muuguzi wa wilayani anaweza kukitumia kwa kalamu, akajua ni mtoto gani asisubiri basi la kesho.

Kwa watoto wachanga na walio chini ya miaka 6 habari ni nyingine. Hao mara nyingine ugonjwa wao unatokana na jeni moja iliyoharibika, na watafiti wa Toronto wamo mstari wa mbele katika kuzisaka. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba kasoro katika vipokezi vya protini ya IL-10 husababisha ugonjwa mkali utotoni, na baadhi yao wamepona kwa kupandikizwa uboho. Kasoro za namna hiyo hujitokeza zaidi pale baba na mama walipo ndugu. Kwa hiyo mtaalamu akiuliza kama wazazi ni mabinamu, hatukani ndoa ya mtu, anatafuta jeni.

Halafu kuna safari ya nyumbani, ambayo wengi huikumbuka tiketi zikiwa tayari. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, na mtoto anayetumia infliksimabu hapaswi kuchanjwa. Uganda huitaka kwa kila msafiri aliyetimiza mwaka mmoja, na Tanzania huitaka kwa anayetokea Kenya. Daktari anaweza kuandika cheti cha msamaha, lakini cheti hakizuii mbu, na pengine ataishauri familia ibadilishe njia au iahirishe safari. Wanaojidunga adalimumabu wenyewe wanahitaji friji ya kuaminika, na kila mtu anajua umeme wetu. Diklofenaki inayouzwa kila duka la dawa huko nyumbani nayo ikwepwe, kwani inaweza kuuamsha ugonjwa.

Msichana wetu wa mfano akitimiza miaka 18 ataondoka SickKids na kukabidhiwa kwa madaktari wa watu wazima. Wengine huenda Mount Sinai, iliyo ng'ambo ya barabara hiyo hiyo. Siku hiyo ataulizwa yeye, si mama yake, majina ya dawa anazotumia na mara ngapi ameona damu. Kliniki nyingi huanza kumzoesha mapema kwa kumwomba mama asubiri nje dakika chache. Mama zetu hawapendi, lakini wanatoka.