Chanjo ya Uviko-19: Hesabu Tuliyoifanya Nyumbani

Neno "chanjo" latokana na kitenzi "kuchanja", na kuchanja ni kuipasua ngozi kidogo kwa wembe. Tangu zamani mganga alimchanja mgonjwa chale kifuani au mgongoni, kisha akapaka dawa ya unga juu ya damu. Kwa hiyo ilipoletwa kinga ya ndui wazee wetu hawakuhangaika kutafuta jina jipya. Waliona mkono unakwaruzwa na dawa inapakwa, wakasema, hii ni chanjo. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu katika mjadala wa mwaka 2021 yalisemwa mengi kana kwamba chanjo ni kitu kilichotushukia juzi. Kilichokuwa kigeni ni kimoja tu: safari hii mtu mzima aliulizwa kama anataka. Mtoto mchanga hupewa chanjo ya kifua kikuu na ya polio bila kuulizwa, na mama yake huifuata desturi ya kliniki. Uviko ulituletea swali hilo sisi wenyewe, na wengi wetu hatukuwa na desturi ya kulijibu.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa katika ukoo mmoja, yaani wangu. Lazima msomaji ajue kwanza kwamba mimi si tabibu. Shahada ya udaktari niliyoipata Uingereza ni ya takwimu, ijapokuwa kwetu Muheza tofauti hiyo haitambuliwi sana, na kila niendapo likizo huonyeshwa majipu.

Taabu ya kwanza ya mtakwimu ilikuwa kukosa takwimu. Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kufikia mapema Mei walikuwa wametangazwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo matangazo ya hesabu yakasimama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtakwimu asiye na hesabu ni kama mvuvi aliyenyang'anywa wavu: bahari anaiona, samaki anawasikia wakiruka, lakini hana la kupima. Mwanzoni mwa mwaka 2021 niliyatazama matangazo ya tanzia kwenye ubao wa idara yetu na ya idara jirani, nikaona kwamba karatasi zinabandikwa juu ya karatasi. Sitatoa idadi, kwa kuwa ubao mmoja hauwezi kushika nafasi ya rejista ya taifa, na katika karatasi zile maradhi hayakutajwa. Hata hivyo, mtu apitaye mbele ya ubao huo kila asubuhi hawezi kuzuia moyo wake usihesabu.

Mwezi Januari mwaka huo Rais Magufuli alitilia shaka chanjo zitokazo nje, akiuliza kwa nini wenye uwezo wa kuzitengeneza hawajapata chanjo ya Ukimwi. Swali hilo liliulizwa pia na mama yangu, na na wanafunzi wangu, na na kinyozi wangu, nami naona lilistahili jibu badala ya kicheko. Jibu lake ni hili. Watu wengi kabisa wanaoambukizwa Uviko hupona, maana yake mwili wa binadamu unaweza kuvishinda virusi hivyo, na chanjo haifanyi ila kuufundisha mwili mapema somo ambalo ungelijifunza kwa taabu. Virusi vya Ukimwi, kwa upande wake, hujipachika ndani ya vinasaba vya chembe zetu wenyewe, hubadilika sura upesi mno, na mwili peke yake karibu haupati kamwe kuvifukuza. Mwalimu hawezi kufundisha somo ambalo hakuna aliyewahi kulifaulu.

Ama kuhusu haraka, mambo mawili yalisaidia. Kwanza, jamii ya virusi vya korona ilikwisha kuchunguzwa tangu mlipuko wa SARS wa 2002 na 2003, na mfuatano wa vinasaba vya kirusi hiki kipya ulitangazwa Januari 2020. Pili, na hili ndilo wanalolisahau wengi, jaribio la chanjo huisha pale wagonjwa wanapotimia idadi ya kutosha kulinganisha. Maradhi yakiwa adimu, watafiti husubiri miaka; maradhi yakiwa kila mtaa, husubiri miezi. Chanjo ya kwanza ya malaria, ambayo majaribio yake makubwa yalihusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, wakiwamo watoto wetu wa Korogwe na Bagamoyo, ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1980, nayo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Kijidudu cha malaria ni kiumbe chenye maelfu ya jeni. Kirusi cha korona kina chache tu.

Baada ya kifo cha Rais Magufuli tarehe 17 Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, nayo ikashauri nchi iruhusu chanjo kwa hiari. Shehena ya kwanza, zaidi ya dozi milioni moja za chanjo ya Janssen, ilifika Julai 2021, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais mwenyewe alichanjwa mbele ya watu. Jioni ile simu ilipigwa kutoka Muheza. Mama alikuwa na miaka 71, ana kisukari na shinikizo la damu. Alisema, "Mwanangu, nimemwona Rais. Wewe wasemaje?" Nikamwomba anipe siku tatu.

Chanjo ya Janssen hutumia kirusi cha aina ya adeno, katika jamii iletayo mafua ya kawaida, ambacho kimenyang'anywa uwezo wa kuzaana. Ndani yake hupachikwa jeni moja ya kirusi cha korona, ile ielekezayo utengenezaji wa miiba iliyo juu ya gamba lake. Kirusi hicho huingia katika chembe za msuli wa mkono, chembe hizo hutengeneza miiba mitupu, nao mwili huiona miiba, hushtuka, na kuunda kingamwili. Kirusi chenyewe hakiwezi kuzaana, hivyo kazi yake huishia hapo. Njia hiyo haikuwa mpya: chanjo ya Ebola iliyotumia kirusi kilekile cha adeno ilikwisha kutolewa mjini Goma mwaka 2019, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi.

Jaribio lake kubwa lilihusisha watu wapatao 44,000 katika nchi kadhaa, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Nusu walipewa chanjo, nusu maji ya chumvi, na wala mchanjaji wala mchanjwa hakujua kilichomo katika bomba. Kuanzia siku ya 14 baada ya sindano, katika kundi la maji ya chumvi waliougua kwa kiwango cha kati au kikali walikuwa 348. Katika kundi la chanjo, 116. Msomaji atazame tarakimu hizo: 116 ni theluthi moja kamili ya 348. Ndiyo maana ilitangazwa kwamba chanjo hii hukinga kwa asilimia 66 hivi. Wengi walidhani kwamba kati ya watu 100 waliochanjwa 34 wataugua. Sivyo. Katika kila watu elfu wasiochanjwa waliougua ni 18 hivi, na katika elfu waliochanjwa ni 6. Asilimia hiyo hueleza sehemu ya ugonjwa iliyoondolewa. Haihesabu watu waliobaki. Vifo vilivyotokana na Uviko vilikuwa 5 katika kundi la maji ya chumvi, na katika kundi la chanjo hapakuwa na hata kimoja.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa damu kuganda. Aprili 2021 Marekani ilisimamisha chanjo hiyo kwa siku 10, baada ya wanawake 6 kati ya watu karibu milioni 7 waliochanjwa kupatwa na mgando wa damu wa aina ya ajabu, pamoja na upungufu wa chembe sahani. Kadiri hesabu zilivyokusanywa, ilidhihirika kwamba tatizo hilo huwapata watu 3 au 4 katika milioni, na kwamba wanawake wa miaka 30 hadi 49 wako katika hatari kubwa zaidi, inayokaribia 10 katika milioni. Haifai kudharau jambo hilo kwa kuwa ni dogo. Lakini mizani ina vyombo viwili, na katika nchi zilizokuwa na hesabu, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyeambukizwa alikuwa na hatari ya kufa mara makumi kuliko kijana wa miaka 30. Kwa Mama hapakuwa na la kubishaniwa. Kwangu, mwanamume wa miaka 44, chombo kilielemea upande uleule, ila kwa uzito mdogo zaidi. Lakini binti wa dada yangu, mwenye miaka 32, aliponiuliza, "Mjomba, na mimi je?" sikumpa jibu nililompa bibi yake. Nilimwambia kwamba kwake faida ni ndogo zaidi na hatari ni kubwa zaidi, na kwamba nchi ilitarajia chanjo za aina nyingine.

Uvumi sikuupa muda mwingi. Ulienezwa uvumi kwamba waliochanjwa mkono wao huvuta sarafu kama sumaku. Dozi nzima ni nusu mililita, yaani matone machache. Hata kama yangekuwa chuma kitupu, kuishikilia sarafu kupitia ngozi na nyama ni kazi ngumu. Sarafu hunata kwa jasho na mafuta ya ngozi, na mwenye shaka na ajipake poda kwanza, kisha ajaribu.

Woga wa sindano ni jambo jingine, nao nauheshimu. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa pwani hii, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia. Oktoba 1977, akiwa kijana wa miaka 23, aliwaelekeza njia watu waliokuwa wamebeba wagonjwa garini, safari fupi ndani ya mji, nayo ikatosha. Alikuwa akifanya kazi ndani ya hospitali, katika nchi iliyojaa wachanjaji, lakini mwenyewe hakuchanjwa, kwa kuwa, kama alivyosimulia baadaye, aliogopa maumivu. Waliokutana naye walitafutwa wote na kuchanjwa, wala hakuna aliyeambukizwa. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Uzeeni Maalin alizunguka vijijini akiwahimiza wazazi wa Somalia wawachanje watoto dhidi ya polio, akiwasimulia habari zake mwenyewe, hadi alipofariki kwa malaria mwaka 2013, angali katika kazi hiyo. Mama yangu ana kovu la ndui mkononi. Nilipomsimulia habari za mpishi huyo alilitazama kovu, akasema kwamba siku waliyochanjwa wao hakuna mtoto aliyeulizwa kama anaogopa.

Tulikwenda kituoni mwezi Agosti. Kichupa cha Janssen kina dozi tano, na kikishatobolewa sharti kiishe baada ya saa chache, la sivyo kitupwe. Muuguzi alikuwa na wazee watatu, naye hakutaka kukitoboa kwa watu watatu. Tukakaa kwenye benchi karibu saa nzima. Hatimaye akanitazama mimi niliyemsindikiza mzazi, akauliza, "Na wewe, kaka?" Nikajaza fomu ya hiari, tukawa wanne. Wa tano alikuwa kijana wa bodaboda aliyemleta mzee mmojawapo. Aliuliza maswali mengi kuliko sisi sote, hasa juu ya uzazi. Muuguzi akamjibu moja baada ya jingine bila kuchoka, na kijana akakunja mkono wa shati. Mtu akiniuliza ni nini kilichofanikisha chanjo siku ile mahali pale, nitasema ni subira ya muuguzi huyo na ubora wa majibu yake, kuliko tangazo lolote la redio. Usiku nilipata homa na mkono ukauma siku mbili. Mama hakusikia chochote, akalalamika kwamba huenda dawa yake ilikuwa nyepesi.

Yaliyofuata yajulikana. Nchini Afrika Kusini watumishi wa afya karibu nusu milioni walipewa chanjo hiyo, na ilionekana kwamba ilipunguza kulazwa hospitali kwa theluthi mbili hivi, na vifo kwa zaidi ya robo tatu. Kuambukizwa haikuzuia sana, hasa baada ya aina ya Omicron kutokea mwishoni mwa 2021. Mimi niliugua Januari 2022, siku nne, nyumbani. Marekani ilibana matumizi yake Mei 2022 kwa sababu ya mgando wa damu, na mwaka 2023 kibali chake kikafutwa huko kwa ombi la kampuni yenyewe. Wapo walioniletea habari hiyo kama ushahidi kwamba tulidanganywa. Kwangu ni ushahidi kwamba kuna watu waliendelea kuhesabu, na ya kwamba chanjo nyingine zilipopatikana, mizani ilipimwa upya.

Binti wa dada yangu alisubiri hadi ilipofika Sinopharm, ambayo hutengenezwa kwa kirusi kizima kilichouawa, njia ya zamani inayotumika pia katika mojawapo ya chanjo za polio. Alichanjwa Novemba 2021, na dozi ya pili mwezi uliofuata. Kaka yake, aliyesoma tarakimu zilezile katika karatasi ileile niliyowaandikia, alikataa, akasema anasubiri miaka kumi ipite. Kila tukutanapo ananikumbusha imebaki mingapi.