Je, Wajua? Mbao Hairembeshi Sauti

Kasha la mninga halikipi kikuza sauti cha hedifoni sauti tamu zaidi. Ndani ya kasha sauti bado ni umeme, na umeme hupita kwenye waya, si kwenye ubao. Wapenzi wa vikuza sauti vya valvu watapinga: valvu huhisi mtikisiko! Ni kweli, lakini dawa yake ni mpira laini chini ya soketi ya valvu, si aina ya mti. Mbao ina udhaifu mkubwa zaidi: haizuii mawimbi ya simu wala mvumo wa nyaya za nyumbani. Kikuza sauti maarufu cha CMoy, kilichobuniwa na Chu Moy wa Marekani, mara nyingi huwekwa kwenye kopo la peremende za Altoids, na bati lake ndilo kinga. Je, mbao basi haifai? Inafaa sana, na inapendeza. Ibandike ndani karatasi ya shaba, uiunganishe na waya wa ardhi wa saketi. Kisha toboa matundu chini na juu, hewa ipite. Matundu yanahitajika kwa sababu mbao haipitishi joto vizuri: alumini hulipitisha takriban mara 1,000 zaidi kuliko mbao.