Regis alinunuliwa kwa Pauni 5,000, weusi wakapunjwa mpaka hesabu zikaumbua klabu

LONDON, ENGLAND. CYRILLE Regis alikuwa fundi umeme. Mchana alihangaika na nyaya, wikiendi akafunga mabao katika timu ndogo ya Hayes. Mwaka 1977 West Bromwich Albion wakamchukua kwa Pauni 5,000 tu, na hata hizo mabosi walisita kuzitoa mpaka Ronnie Allen, aliyemwona, aliposema yuko tayari kuzilipa kutoka mfukoni mwake.

Msimu wa 1978-79 straika huyo, winga Laurie Cunningham na beki Brendon Batson, weusi watatu katika kikosi kimoja, jambo geni England wakati ule, waliifikisha West Brom nafasi ya tatu. Desemba 30, 1978 walitua Old Trafford wakaichapa Manchester United 5-3. Viwanjani walizomewa na kurushiwa ndizi. Kiangazi kilichofuata Cunningham akauzwa Real Madrid kwa karibu Pauni 950,000.

Je, mishahara nayo ilikuwaje?

Mchumi Stefan Szymanski alipekua vitabu vya hesabu vya klabu 39 za England kuanzia 1978 hadi 1993. Hoja yake ni nyepesi, hata shabiki wa kijiweni anaielewa. Klabu inayolipa mishahara minono kwa kawaida humaliza juu. Kama kila mchezaji analipwa kulingana na kiwango chake, rangi ya kikosi haitakiwi kubadili kitu chochote. Ukiijua bajeti, umeijua nafasi.

Lakini haikuwa hivyo. Timu zilizokuwa na weusi wengi zilimaliza juu kuliko bajeti zao zilivyoonyesha. Maana yake weusi walikuwa wanatoa jasho la bei ghali na kupewa mkwanja wa bei chee. Klabu zilizowakwepa zililipa zaidi kupata pointi zilezile. Ajabu ni kwamba wenye timu, watu wanaohesabu mpaka senti ya mwisho, walikubali kula hasara hiyo kwa miaka.

Miaka ya 1990 pengo la wachezaji wa kiume likafifia. Vipaji viligombewa, na klabu iliyomwacha straika mkali kwa sababu ya rangi yake ilimkuta kwa jirani akiitungua.

Kwa kina dada hadithi ni nyingine. Mwaka 1921 FA iliwafungia viwanja vya klabu zake, kifungo kilichodumu nusu karne. Kerry Davis, mwanamke mweusi wa kwanza kuichezea England, alianza 1982, akafunga mabao 44, rekodi iliyosimama mpaka Kelly Smith alipoivunja 2012. Alikwenda kukipiga Italia, zikiwamo Lazio na Napoli. Enzi zake England huwezi hata kupima pengo la mshahara kati ya mweupe na mweusi, maana hakukuwa na mshahara wa kupima.

Ni mwaka 2009 FA ilipotoa mikataba kwa wachezaji 17 wa timu ya taifa ya wanawake, Pauni 16,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2020 wanawake wanapata posho ya mechi sawa na wanaume wanapoichezea England.

Basi ngoma imekwisha? Bado. Euro 2022 England walibeba kombe wakianza na kikosi kilekile mechi zote sita, wote 11 weupe. Kati ya 23 walioitwa, weusi walikuwa watatu: Jess Carter, Demi Stokes na Nikita Parris.

Posho ni sawa kwa aliyeitwa. Shida ipo kabla ya kuitwa. Vituo vingi vya kukuza vipaji vya wasichana vimejengwa nje ya miji, mbali na mitaa wanakoishi weusi wengi, na kufika mazoezini kunataka mzazi mwenye gari na muda wa jioni. Mwanaume Regis alionekana akicheza mechi za wikiendi. Binti wa mtaa uleule leo anatakiwa kwanza apate lifti.