Mti wa Krismasi usilete moto nyumbani
Ukitaka kupamba nyumba kwa tawi la msonobari, usikate bila ruhusa. Mwombe kwanza mwenye shamba.

Chagua tawi bichi. Kunja jani lake: lisipokatika, na majani yasipopukutika ukilitikisa tawi, ni zuri. Ukifika nyumbani, kata tena kitako kama sentimita 2, maana utomvu huziba njia ya maji. Kisha lisimamishe kwenye ndoo. Maji uliyosuuzia mboga yanatosha. Ongeza kila siku.

Liweke mbali na jiko, mshumaa na koroboi. Tawi likikauka huwaka ghafla, na turubai nalo hushika moto upesi, lako na la jirani. Majani yakianza kupukutika, litoe nje siku hiyo hiyo, hata kama sikukuu haijafika.