Logic Iko Mtaani, Shida ni Karatasi

Ukisaka job ya maana Nairobi siku hizi, kabla HR akuone sura unatumiwa link ya aptitude test. Saa inahesabu hapo juu ya skrini, na kuna ile section inamaliza hadi wasee wenye walitoka chuo na fasti klasi. Wanakupea sentensi mbili tatu, halafu wanadai useme: kenye kinafuata ni kweli, ni uongo, ama haiwezi julikana?

Hii section haitaki genius. Inataka msee anaweza weka kando venye anajua dunia, asome tu kenye kimeandikwa. Na hapo ndio ngori, juu mtaani tumezoea kujaza mapengo. Makanga akikushow gari inatoka sai sai, unajua itakaa stage hadi ijae. Hio akili inakusaidia ukiwa Tao. Kwa test inakuangusha.

Cheki hii. Nganya zote za sacco fulani ziko na Wi-Fi. Hii yenye umepanda iko na Wi-Fi. Basi ni ya hio sacco? Wasee wengi wanachapa "kweli" mbio mbio, na hakuna mahali wameambiwa sacco zingine hazina. Haiwezi julikana. Lakini kama yenye umepanda haina Wi-Fi, hapo sema bila kuogopa: si ya hio sacco.

Mwaka wa 1966, mwanasaikolojia wa Uingereza anaitwa Peter Wason alitoa puzzle ya kadi nne. Kila kadi iko na herufi upande mmoja na namba upande ule mwingine. Kwa meza unaona A, K, 4 na 7. Sheria ni: kadi ikiwa na vokali, nyuma lazima ikuwe namba inagawanyika kwa mbili. Utageuza gani ndio ujue kama sheria imevunjwa? Wengi hushika A na 4, ama A pekee. Jibu ni A na 7, juu 7 ikiwa na vokali nyuma, sheria imekufa. Hio 4 hata ifiche nini, haivunji kitu. Wenye hupata kwa kawaida hawafiki hata mmoja kwa kumi.

Sasa ingia club Westie. Kenya, kama unakunywa pombe, lazima uwe umefikisha 18. Kuna mmoja ameshika keroro, mwingine soda. Wa tatu ako na miaka 25, wa nne 16, na hujaona wanakunywa nini. Bouncer atasumbua nani? Mwenye keroro na huyo wa 16, hata brathe yako mdogo atakujibu. Manze, hio ni puzzle ya Wason yote! Griggs na Cox walijaribu wanafunzi Florida na swali ka hii, wakaitoa 1982, na karibu robo tatu walipata.

Hio study inanipea moyo sana, juu kuna mayut wengi wanafeli hizi test na wanaanza kuamini hawana kichwa. Kichwa wako nayo. Hakuna mtu amewahi kaa nao chini awaonyeshe. Ukipatana na sheria imevaa herufi na namba, jiulize bouncer angeshuku nani. Si kila swali itakubali hio, lakini zenye ziko na "kama" nyingi hukubali.

Ukifanya mazoezi, zima saa kwanza. Ukikosa, rudi utafute neno lenye limekushika. "Baadhi" ni angalau mmoja, na inaweza kuwa wote. "Tu" ndio mbaya zaidi: wakisema ni members tu wanaingia, mwenye ako ndani ni member, lakini haimaanishi kila member ataruhusiwa kuingia.