Nikeli ya Ngara, kiwanda Kahama

Nikeli iko Kabanga, wilayani Ngara, lakini eneo lililochaguliwa kwa kiwanda cha kuisafisha ni Kahama, mkoani Shinyanga. Uchaguzi huo unaonyesha jinsi siasa na kodi zinavyoelekeza mitaji.

Mwaka 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi. Mwaka 2021 ikaingia ubia katika kampuni ya Tembo Nickel kwa hisa asilimia 16, na usafishaji nchini ukawa sehemu ya makubaliano. Kahama ilikuwa na miundombinu ya mgodi wa Buzwagi uliokuwa ukifungwa.

Kwa Ngara, hoja ni mapato. Sheria inaziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma kwa asilimia ndogo ya mapato ghafi. Je, mapato hayo yatahesabiwa mgodini au kiwandani?