Sura ya Sita: Dawa ya Kila Siku na Watu wa Nyumbani

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kumtunza mgonjwa kulikuwa uuguzi wa kitandani: kumgeuza asipate vidonda, kumnywesha uji kwa kijiko, kufua mashuka, na mwisho kuzika. Walikuwapo waliokataa kazi hiyo ifanyike kwa kujificha. Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha shirika la TASO la kuwasaidia wenye UKIMWI nchini Uganda pamoja na wenzake mwaka 1987. Miaka miwili baadaye Theresa Kaijage akaanzisha shirika kama hilo, WAMATA, nchini Tanzania. Wanatudai shukrani hadi leo. Lakini anayemtunza ndugu yake sasa asiishike picha ile ya zamani, maana kazi yenyewe si ile tena.

Dawa za kufubaza virusi (ARV) zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaamuliwa kila anayekutwa na VVU aanze dawa bila kungoja chembe zake za kinga za CD4 zishuke. Kwa hiyo anayeishi na VVU kwa kawaida hayuko kitandani. Yuko shambani, dukani, darasani. Wengi wa watu wazima humeza kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kumtunza mtu huyu ni kukitafutia kidonge hicho nafasi ya kudumu katika maisha ya nyumba, miaka yote.

Dozi nyingine hurukwa si kwa kusahau bali kwa kuogopa macho ya watu. Litazame kopo la dawa lenyewe. Ni la plastiki, na likitikiswa vidonge hulia. Kwenye daladala, bwenini, au msibani watu walipolala mkekani bega kwa bega, mlio huo unatosha kumfichua mtu. Ndiyo maana wengine hushindilia pamba ndani ya kopo. Wengine huvimwaga vidonge kwenye karatasi au kuvifunga kwenye pindo la khanga, vikaingia unyevu na kuharibika. Wapo pia wanaoliacha kopo nyumbani kabisa, wakakaa msibani siku nne bila dawa. Hapa ndipo ndugu mmoja anayejua anapokuwa na thamani kubwa. Saa tatu usiku anaita tu, "Mama mdogo, hebu njoo unisaidie huku ndani," na mama mdogo anapata dakika zake mbili na bilauri ya maji.

Kusaidia namna hiyo ni tofauti na kupeleleza. Ukimhesabia vidonge kisirisiri, au ukimgombeza mbele ya watoto, utamfundisha kukudanganya, na huo uongo ndio utakaomdhuru. Akisahau na kukumbuka siku hiyohiyo, ameze. Kesho asimeze viwili kwa pamoja. Na habari ya hali yake ni mali yake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 kuhusu UKIMWI inalinda usiri huo na kukataza unyanyapaa. Hata kama una nia njema, usimwambie shangazi wala mchungaji kabla hajakuruhusu.

Huruma nayo huweza kuharibu dawa. Unamwona amepauka, unamnunulia vidonge vya kuongeza damu. Analalamika kiungulia, unampa dawa ya kutafuna. Madini ya chuma, kalisi, magnesi na alumini huishika dolutegraviri tumboni isiingie vizuri mwilini, hivyo mwulize mhudumu wa kliniki ya VVU (CTC) namna ya kupishanisha saa. Kikohozi kisichoisha, homa, jasho la usiku au kukonda ni sababu ya kwenda kupimwa TB upesi. Akianzishiwa dawa za TB zenye rifampisini, huongezewa dolutegraviri saa kumi na mbili baada ya kidonge chake cha kila siku, kwa kuwa rifampisini huipunguza nguvu. Sahani, choo na kitanda haviambukizi. Wembe asichangie na mtu.

Kwa mwenza ninayo habari ninayotamani ifike kila kijiji. Utafiti wa PARTNER, uliofanyika Ulaya, uliwafuatilia wapenzi waliokutana bila kondomu huku mmoja wao akiwa na VVU vilivyofubazwa kwa dawa. Halikupatikana hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza huyo.

Lakini kipimo kinachosema virusi havionekani hakisemi kwamba vimekwisha. Virusi hujificha ndani ya chembe za kinga zilizolala, mahali ambapo dawa haivifikii. Dawa ikikatishwa, kwa kawaida vinarudi kwenye damu baada ya wiki chache, wakati mtu bado anajisikia mzima. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, na wapo walioacha ARV kwa kuamini wamepona. Siwalaumu. Kumeza dawa kila siku bila kuumwa kunachosha, na kila mtu angependa kusikia kwamba safari imefika mwisho.

Aliyeacha dawa mara nyingi anataka kurudi ila anaona haya: anaogopa kufokewa dirishani, anaogopa kuulizwa alikuwa wapi miezi yote hiyo. Usimwache aende peke yake. Tafuta kadi yake, fuatana naye asubuhi, kaa naye kwenye benchi hadi aitwe. Mhudumu aelezwe ukweli, kwamba dawa zilikatika na tangu lini, kwa sababu huenda akahitaji kupimwa CD4, TB na magonjwa mengine kabla ya kuendelea. Kama kituo hicho kina mtu aliyewahi kumdhalilisha, mwombeeni uhamisho mwende kingine, ila siku hiyo asirudi nyumbani bila dawa.